Pampu ya Shaba ya Bi Thirza

Jumatatu, 7 Oktoba 1963
Nimeipata. Katika banda la kondoo la marehemu mjomba, chini ya magunia: pampu ya bia ya mkono, mipini mitatu ya kauri yenye maua ya samawati. Niliifuta kwa mkono wa koti. Shaba ikachomoza kama asubuhi. Nilikaa nayo mpaka ukungu ukashuka mlimani, nikimwona akilini Bi Thirza, mwenye nyumba ya wageni ya kijiji, akiuvuta mpini, nami mbele ya kaunta yake, nikitabasamu.

Jumanne, 8
Habari mbaya. Jumamosi watu wa gesi wanakuja kumfungia Thirza mtambo wa bia ya gesi, ile inayosukumwa bila pampu ya mkono. Bia ya gesi, kwenye nyumba ya wageni iliyofunguliwa kabla babu yangu hajazaliwa. Wazee wameapa kwenda kunywa bonde la pili. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa niitengeneze pampu yangu, aitumie badala ya mtambo. Akakubali, ila akashauri nimwite Norris Metcalfe, fundi bomba. Norris, anayempelekea mayai kila wiki. Nikasema sihitaji mtu.

Jumatano, 9
Nimefungua kila kitu. Nikavipanga vipande mezani, jua likapita dirishani, vikawa mji mdogo wa dhahabu. Nikatembea mitaani mwake kwa mawazo mpaka chai ikapoa. Nikasahau kuandika kipi kilitoka wapi.

Alhamisi, 10
Ngozi za pistoni zimekauka. Nimekata mpya kutoka kiatu changu cha kanisani. Nimeunganisha. Vimebaki vipande vitatu. Bila shaka vya akiba.

Ijumaa, 11
Nimeifunga pampu kwenye kaunta ya Thirza, kijiji kizima kimezunguka. Nilivuta. Kimya. Nikavuta tena, kwa nguvu. Huko chini, kwenye chumba cha mapipa, kitu kilikoroma, kizibo kikaruka, bia ikafurika hadi ngazini. Norris hakucheka. Aliifungua pampu, akauliza kama kuna vipande vilivyobaki, nikampa vile vitatu.
"Vali umeziweka kichwa chini miguu juu, Ambrose," akasema taratibu. "Ila ngozi umezikata vizuri mno."
Baada ya saa moja bia ilitoka, nyeusi, povu kama wingu. Thirza akaonja, akafumba macho. Akapiga simu kuwaambia watu wa gesi wasije. Kisha akanishika mkono. Wa Norris pia, kwa muda mrefu zaidi.

Jumapili, 13
Thirza anasema pampu iko sawa kabisa, nisiiguse. Lakini mpini wa kati una mlio mdogo, kama ndege wa mbali. Yeye yuko kanisani. Spana ninayo. Dakika kumi zinatosha, na Norris hana haja ya kujua.