Meza ya Kutambua Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Bi Winifred Attwood ameiacha meza. Macho yamemwishia nguvu. Kila mwaka, siku ya maonyesho ya chama chetu cha vioo hapa Stourbridge, watu huleta vyombo vya bibi zao kwenye ukumbi wa kanisa. Mtu mmoja tu hukaa mezani. Hukigeuza chombo, hukitazama kitako, kisha husema kilitengenezwa wapi na lini. Neno lake halikatiwi rufaa. Sasa kiti ki wazi. Kamati itachagua Alhamisi, baada ya kutusikia tukikagua chombo mbele yake; maonyesho Jumamosi.

Nakitaka kiti kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu niondoke Lamu. Miaka zaidi ya arobaini katika mji huu wa Waingereza naulizwa nimetoka wapi. Dukani. Kwa daktari. Makaburini, siku ninamzika mke wangu. Mtu wa meza ile haulizwi. Yeye ndiye anayejua kila kitu kimetoka wapi.

Mpinzani ni mmoja: Reuben Tranter, daktari wa meno mstaafu. Hushika chombo kama anayetaka kuking'oa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango tayari. Mzuri mno!

Nimepata kwenye duka la mitumba chombo cha maua chekundu, mdomo wa marinda, mfano wa vile vilivyosimama kwenye dirisha la kila bibi wa hapa enzi za Malkia Victoria. Hiki ni cha juzi tu. Lakini cha kale hujulikana kwa kitako: miaka mia ya kuburutwa juu ya kabati huacha mikwaruzo midogo, mmoja huku, mwingine kule. Wadanganyifu wavivu hutumia msasa, mikwaruzo yote ikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mimi si mvivu. Nimekisugua kwenye jiwe la mlangoni nikikizungusha na kukigeuza, asubuhi nzima. Magoti yanalia. Mtu wa posta kaniuliza nafanya nini. Nikamjibu naongeza miaka. Akasema yeye anatafuta wa kumpunguzia.

Jirani yangu, Bi Hilda Round, atakileta Alhamisi kama cha bibi yake. Tranter atakisifu. Mimi nitasimama na kufichua kwamba ni bandia. Kwisha habari yake.

Hilda aligoma kwanza. "We mzee, mimi mtu wa kanisa, unitie dhambini kwa ajili ya chombo cha maua? Tena kibaya hivi?" Nikamkumbusha ni nani aliyemlishia paka wake alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Akakichukua.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya hotuba, bafuni. Neno "bandia" litamkwe polepole.

Nimekutana na Tranter kwa muuza nyama. Kasema ashinde yeyote, tubaki marafiki. Ujanja mtupu! Mtu mwema kiasi kile ana jambo.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba.

Bi Hilda aliweka chombo mezani mbele ya kamati. Chekundu, mdomo wa marinda. Tranter akakigeuza. Akasema kovu la kitakoni, pale fimbo ya fundi ilipokishikilia kioo kikiwa moto, limesagwa kwa mkono likawa laini. Wekundu ni ngozi nyembamba juu ya kioo kisicho na rangi. Marinda hayalingani, ndivyo yanavyokuwa yakibanwa na mtu badala ya mashine. Mikwaruzo ya kitako ni ya kweli. Cha hapa hapa, karibu mwaka 1890.

Nikasimama. Sikukisogelea. Kwa nini mtu akague kazi yake mwenyewe? Nikasema: bandia. Polepole. Nikasema mikwaruzo ile ilisuguliwa juzi, kwenye jiwe la mlangoni, na mkono usio na haya. Nikatua kidogo ili neno liwaingie.

Bi Hilda akainuka, uso umemwiva. Akawaambia wote kwamba kile nilichomsugulia mimi kakiacha nyumbani, alishindwa kudanganya mbele ya mchungaji aliyekaa na kamati. Hiki ni cha bibi yake kweli. Babu yake alikipuliza saa ya mapumziko, kwa kioo kilichobaki tanurini, kama mafundi wa hapa walivyowafanyia wake zao.

"Mkono usio na haya? Wa babu yangu? Kaa chini, Shee, kabla sijakukalisha mimi!"

Nikakaa. Kamati haikuchukua muda. Tranter.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Bi Hilda keki ya tangawizi. Kaipokea keki, kanifungia mlango.

Mchana Bi Winifred kapiga simu. Tranter ameomba niwe msaidizi wake: kufungua magazeti yaliyofungiwa vyombo, kushika taa, kuleta chai. Tranter anasema nimesoma juu ya vioo kuliko wanachama wote, tatizo langu ni kwamba sivitazami. Sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile.

Nimekubali. Nimeifikiria sana ile chai.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimpa Tranter chai hata kabla hajavua koti. Kikombe juu ya kikombe. Kila mara anashukuru, maskini. Kabla ya adhuhuri akaanza kubana miguu. "Mzee Shee, nishikie hapa kidogo," akasema, akatoka karibu mbio.

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto.

Akaja mwanamke na kisahani cha kijani. Akaniuliza mimi kimetoka wapi. Nikakigeuza, nikakimulika kadiri inavyopasa. Nikasema: Stourbridge, mwaka 1885. Machozi yakamlengalenga. Mama yake siku zote alisema ni cha hapa, na ukoo mzima ulimcheka.

Tranter akarudi wakati kisahani kinafungwa gazetini. Alikitupia jicho mara moja. Mwanamke alipoondoka akaninong'oneza: kile cha Bohemia, si cha nchi hii, mzee wangu, tena si cha zamani hivyo. Mfuate, mwambie taratibu.

Nikamfuata. Alikuwa mlangoni, mvua inanyesha, kakikumbatia kifuani, anamwambia mumewe: "Si nilikwambia? Cha hapa. Cha hapa hapa!"

Nikawashikia mlango. Nikarudi, nikamwambia Tranter nimemweleza, na amelipokea kishujaa.

Akanishika bega, akasema nimefanya vizuri. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Nikaenda kuchemsha maji.