Kiti Kipya cha Mama Sadaichi

Pavunraj alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Polisi wa Madurai walipoanza kumuulizia kwa jina lake halisi, aliona afya yake inahitaji hewa ya shamba, akashukia Karisalpatti. Hakumaliza chai yake kibandani kabla hajakijua kidonda cha kijiji. Kiti cha Mama Sadaichi, mzee aliyekuwa akipandwa na mungu huyo wa kike, alikuwa amekufa, na tangu hapo Mama hajampanda mtu. Bila kiti hakuna sikukuu. Na bila sikukuu, Ondimuthu tajiri na mdogo wake walibaki kugombea nani atavishwa kilemba cha kwanza mbele ya hekalu, heshima ambayo Mama pekee ndiye huigawa kupitia kiti chake.

Pavunraj akamfuata Ondimuthu kwenye shamba lake la pamba.

"Mzee wangu, mimi Mama hunipanda," alisema kwa unyenyekevu. "Nikisikia ngoma tu, basi."

"Na akikupanda husemaje?"

"Husema lililo moyoni mwake. Ila moyo wa Mama nao hupenda kukumbukwa."

Ondimuthu hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, ambayo huifanya kazi ya ujinga kwa haraka zaidi. Akavua mkufu wa dhahabu shingoni, akamtilia mkononi.

"Ukimtaja mdogo wangu, nitakuzika kwenye pamba hii."

Mpango ulikuwa mwepesi: apandwe, ataje jina, azinduke, awahi basi la jioni. Ijumaa alasiri ngoma zilipolia hekaluni, Pavunraj akatetemeka, akatoa macho, akaanguka, akanguruma: "Kilemba ni cha Ondimuthu!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakalia machozi. Bibi Petchi, kuhani wa hekalu, mkongwe aliyebakiwa na meno ya pembeni tu, akainama akamfunga uzi wa manjano mkononi.

"Umetuponya, mwanangu. Sasa huvuki jiwe la mpaka hadi utembee juu ya makaa. Kiti akitoka na uzi huu, kijiji kizima huugua ndui."

"Makaa gani, bibi?" aliuliza Mama Sadaichi, kwa sauti ya Pavunraj kabisa.

Wakambeba kisimani kumwogesha. Kikoi chake kilipofunguliwa, mkufu ukaanguka juu ya jiwe. Ondimuthu akautazama mkufu, Pavunraj akamtazama Ondimuthu. Atakayesema "ni wangu" ataulizwa umefikaje kiunoni mwa mgeni, na mdogo mtu alikuwa amesimama palepale, akijikuna kidevu.

"Mama amejiletea pambo lake," alisema Bibi Petchi, akiuokota. "Au siyo, Ondimuthu?"

"Ndiyo, bibi," alijibu Ondimuthu, kama mtu anayemeza kokwa la embe.

Siku zilizofuata Pavunraj alilala sakafuni hekaluni, akinywa uji wa ulezi mara moja kwa siku na kuwapaka majivu watoto wenye mafua. Alijaribu kutoroka alfajiri, akakutana na wakulima mpakani. Hawakumkemea. Walimsujudia, wakamnyanyua mabegani, wakamrudisha kwa ngoma.

Siku ya makaa ilipofika, shimo lilikuwa jekundu kama kinywa cha mtafuna tambuu. Pavunraj alitetemeka hadi meno yakagongana, na watu wakanong'onezana kuwa hata marehemu hakupandwa hivi. Akavuka kwa mwendo ambao haukuwa wa ibada.

Bibi Petchi alimpaka nyayo majani ya mwarobaini yaliyopondwa, akamkata uzi.

"Bibi, ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka. Anayepandwa kweli hachagui pa kuangukia pasipo na tope."

"Na bado ukanifunga?"

"Mwanangu, watu hawa walikaa bila sikukuu, ndugu hawasalimiani, wasichana hawaolewi kwa kuogopa mkosi. Mama alihitaji mtu. Hakusema awe mwema."

Pavunraj akacheka, japo nyayo zilimwaka. "Basi nipe mkufu wangu, tuachane kwa heri."

"Uko shingoni mwa Mama. Ingia ukamwombe mwenyewe, sitakuzuia."

Akaingia akichechemea. Hekaluni hapakuwa na mtu. Mama Sadaichi alimkodolea macho yake ya fedha, mkufu ukimetameta juu ya sanamu yake ya jiwe iliyopakwa manjano. Pavunraj aliyekwisha kuiba mbele ya mahakimu aliinua mkono, ukabaki hewani. Akaushusha, akaviunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

Alipotoka, Bibi Petchi akamwonyesha njia ya mkato ya kwenda stendi.

"Mwakani njoo mapema kidogo," alisema. "Makaa yalikuwa yameanza kupoa."