Marehemu Baba Haruhusiwi Kupigana

Alhamisi, 11 Agosti 1988

Joto. Yai lingeiva mfukoni. Napiga pasi kimono za sikukuu tangu alfajiri. Kila mtu anataka yake kabla ya Bon, siku ambazo wafu wetu hurudi nyumbani, kana kwamba watakuja kukagua mikunjo.

Habari kubwa: mgongo wa mzee Kuroda umegoma. Mwaka huu hatapiga ngoma ya Bon. Maskini! Nimemwombea apone. Kisha nimefurahi. Kisha nimeomba tena kwa sababu ya kufurahi. Ngoma ile aliipiga marehemu baba yangu, Tomekichi, mpaka mwaka aliofariki. Mama husema, tena hunikazia macho anaposema, kwamba hataki kufa kabla hajamwona mtu wa nyumba hii juu ya jukwaa la ngoma ile.

Kikwazo: Sugimori. Kinyozi, duka lake linatazamana na langu la udobi. Naye anaitaka ngoma. Sababu hana. Anaitaka kwa kuwa naitaka mimi. Tukaenda wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Hatanaka, mjane mfupi mwenye sauti ya kengele. Akatwambia ana taa za kutundika mtaa mzima, nyie watu wazima na mvi zenu kaamueni wenyewe, mniletee jibu.

Tumeamua. Sote tuna mchezo uleule wa televisheni, wa mashujaa wanne wanaozunguka dunia kumtafuta Mfalme wa Mashetani. Ni mchezo wa adabu. Hakuna kurukaruka. Unatoa amri, adui anangoja. Adui anapiga, wewe unangoja. Kila mtu na zamu yake kama kwa daktari wa meno. Unafaa watu wa umri wetu. Sugimori akatunga sharti, maana anapenda kusikika: mkono utakaomwua Mfalme kabla taa hazijawashwa tarehe kumi na tano, ndio utakaoshika fimbo za ngoma. Nikasema na iwe. Bi Hatanaka akasema sawa, tokeni, mnaniziba mlango.

Mama sijamwambia. Kushindania ngoma ya wafu kwa mchezo! Angenipigisha magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani mpaka majani yapukutike.

Lakini televisheni ni moja, na Agosti ni ya Mama na besiboli ya shule za sekondari. Haondoki pale. Hapo nikatumia akili. Shujaa mkuu nikampa jina la Baba. Nikamwita Mama aje amwone Tomekichi anavyotembea. Akavaa miwani. Akakitazama kile kijitu chenye upanga. Akasema kanenepa. Akaniachia televisheni! Buddha anisamehe, mimi ni mjanja.

Askari wa mbele nimempa jina la mke wangu, Sadae. Mtawa wa kuponya ni Ryokai, mtawa wa hekalu letu. Mchawi ni mimi mwenyewe, Yasuhei, niko nyuma kabisa. Sadae kauliza mbona marungu yote yanamwangukia yeye. Nikamwambia ni kwa sababu ana nguvu. Chakula cha jioni: tambi baridi bila mchuzi.

Ijumaa, 12 Agosti

Mama ananitawala. Baba asipite kwenye kinamasi, ana goti bovu. Baba alale nyumba ya wageni, huoni anavyoburuta miguu? Baba asivae kofia ile ya chuma, inamfanya afanane na kaka yake, na kaka yake alikuwa mlevi. Nimeiuza kofia. Sasa kila bundi anayepita anamdonoa Baba utosini.

Hata hivyo tunaiona ngome ya Mfalme ng'ambo ya ziwa. Tunachokosa ni nguvu, na nguvu hupatikana kwa kupigana, na kupigana kunataka muda. Kwa hiyo nimetunga njia ya kumnyima Sugimori muda. Kila mteja aliyeingia nilimtazama nywele, nikaguna. Wazee wako wanarudi kesho, wakukute hivyo? Aliyekubali kwenda kunyolewa nikamtilia wanga kwenye kola bure. Kufikia adhuhuri foleni ya kinyozi ilikuwa imetoka nje! Nikala tikiti maji dirishani huku nikimtazama anavyofuta jasho. Kichwa baada ya kichwa. Hataugusa mchezo leo.

Alasiri nikaenda mwenyewe kunyolewa, kumpeleleza. Ole wangu. Televisheni yake ameiweka mbele ya benchi la wateja. Wanaosubiri ndio wanaomchezea! Muuza tofu anapigana mpaka aitwe kitini, anamwachia fundi baiskeli, fundi baiskeli anamwachia mke wa mwenye baa. Mchana kutwa mashujaa wa Sugimori hawakupumzika. Wamekuwa kama ng'ombe wa kulima. Sugimori akaniinamia sikioni, akanishukuru kwa wateja. Nikamjibu jirani ni jirani. Wembe ulikuwa shingoni.

Jumamosi, 13 Agosti

Tumewasha moto mlangoni kuwakaribisha wafu. Mama katengeneza farasi wa tango, miguu ya vijiti, ili Baba aje mbio. Nimefukiza ubani. Nimelia kidogo, kama kila mwaka. Nikarudi kwenye televisheni na moyo mweupe. Nilikuwa mlangoni mwa ngome! Mlangoni!

Mama akasimama nyuma yangu. Akauliza Baba yuko wapi. Nikamwonyesha.

"Yasuhei. Nimempelekea baba yako farasi. Amlete wapi, nyumbani au huko kwa mashetani?"

Nikamwambia huyu ni wa mchezo tu, Mama, Baba mwenyewe yuko madhabahuni.

"Jina lake nani?"

Nikasema Tomekichi.

"Basi mlete nyumbani."

Nani angembishia? Nikaanza kumrudisha shujaa kijijini alikoanzia safari, dunia nzima kinyumenyume, kwa miguu. Na Mama akaongeza sharti: siku za Bon hakuna kuua. Kweli hatuui. Hata mbu tunampungia tu aende. Kwa hiyo jini likitokea, amri ni moja: KIMBIA.

Ubaya wa kukimbia ni zamu. Unachagua KIMBIA, mchezo unakujibu kwamba umezingirwa, basi majini yanakupiga, moja baada ya jingine, bila kusukumana, kwa adabu zote. Mtawa Ryokai kafia jangwani. Mimi nimefia darajani. Tumegeuka majeneza, Sadae anatukokota. Sadae wa kweli alipita na kapu la nguo mbichi, akatazama, akasema ahaa, kama kawaida.

Jumapili, 14 Agosti

Asubuhi tumefika kijijini. Mama kamwekea Baba chai ya shayiri mbele ya televisheni, mbali na ile ya madhabahuni. Kaagiza asisogezwe mpaka sikukuu iishe. Basi shujaa wangu kasimama kando ya kisima, anapiga mguu juu chini, juu chini. Na majeneza mawili nyuma yake. Ng'ambo ya barabara nalisikia benchi la Sugimori likipiga kelele. Wameshafika kwa Mfalme, wameshashindwa mara kadhaa, wanabishana. Kila mtu jemadari.

Mtawa Ryokai akafika na pikipiki yake, kusoma sala. Anasoma mbio, mtaa mzima unamngoja. Nikaona bahati imekuja na joho. Alipomaliza nikamwuliza: je, kuua jini la mchezo siku za Bon, ni kuua? Akageuka. Akaona televisheni. Akauliza majeneza yale ni ya nani. Ilinibidi niseme.

"Kumbe nimekufa!" akasema. "Nimekufa na bado wananizungusha nyumba kwa nyumba kwenye jua hili!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kuhusu kuua, akasema mwulize mama yako, mie pale siingii. Kisha akatazama jikoni aliko Mama, akaninong'oneza nishuke kisimani. Kisima cha kijiji kina njia ya chini kwa chini, inatokea kwenye chumba cha Mfalme. Mtawa anacheza! Nilimshika mikono yote miwili. Akiwa anavaa viatu akaongeza kwamba jana alimwonyesha Sugimori njia hiyohiyo, kwa kuwa huruma ya Buddha haibagui.

Huruma ya Buddha ingeweza kungoja siku mbili.

Jumatatu, 15 Agosti

Vinyozi hufunga Jumatatu. Sugimori kafungua. Kwa ajili ya sikukuu, anasema. Kwa ajili ya benchi, nasema mimi.

Alasiri Mama na Sadae wakaenda hekaluni. Saa yangu! Nikapiga kengele ya madhabahu, nikamwomba Baba ruhusa. Hakukataa. Nikamfufua mtawa, nikajifufua mwenyewe, tukazama kisimani.

Mfalme wa Mashetani kajaa kioo kizima, mapembe yametoka nje. Sadae akampiga. Mimi nikamtupia moto. Mtawa akatuponya. Baba akamchoma upanga, mara ya kwanza, mara ya pili. Mfalme akabadilika rangi! Akapepesuka! Zamu moja zaidi, Baba mmoja zaidi, na ngoma imerudi nyumbani.

Mlango ukafunguka. Mama. Kasahau tasbihi yake.

Akatazama. Akauliza Baba katokaje kijijini. Nikasema katoka kidogo tu, kunyoosha miguu. Akakaa kwenye mto, taratibu, kama jaji. Hakuna kuua, akasema. Nikamwambia mbele ya Mfalme mchezo haukubali kukimbia. Akasema basi ajikinge.

JIKINGE. Wote wanne tukainua ngao. Mfalme akapiga. JIKINGE. Mfalme akapiga tena. Mimi nikafa. Mtawa akafa mara ya pili ndani ya Bon moja. Mama akawa anamsifu Baba kwa uvumilivu ambao, anasema, alipokuwa hai hakuwa nao.

Ghafla kelele ng'ambo! Nikatoka mbio bila viatu. Benchi lote liko barabarani, linapiga makofi. Mfalme wa kwa Sugimori kafa. Sugimori mwenyewe kakaa kizingitini, kajishika kichwa. Nikauliza kamwua nani. Akanyoosha kidole tu.

Bi Hatanaka. Alikuja kunyolewa uso kwa ajili ya jioni. Sugimori alimpaka povu, akageuka kunoa wembe, na Bi Hatanaka hakustahimili kuona muuza tofu anavyoharibu mambo. Akanyoosha mkono kutoka kitini, akamnyang'anya vibonyezo, akammaliza Mfalme na povu shavuni.

"Mlisema mkono utakaomwua," akatwambia. "Nao ni huu."

Nikarudi ndani. Nikamweleza Mama yote: mgongo wa Kuroda, sharti, ngoma. Akanipiga upepeo begani.

"Mjinga wewe! Si ungesema? Ningekwambia uue! Msamaha angeuomba baba yako mwenyewe, si yuko hukohuko kwa Buddha!"

Jioni taa zikawaka. Bi Hatanaka kapanda jukwaani, na tuseme kweli, anapiga! Mwili wote unaingia kwenye ngoma kama anayetwanga. Wachezaji walizunguka mpaka vumbi likasimama. Lakini juu kule mpigaji anahitaji mtu wa taulo na mtu wa maji. Akatuita kwa majina, mbele ya watu. Sugimori akashika birika. Mimi nikapanda na taulo, nimevaa koti la ngoma la Baba, kwa sababu Mama alikuwa amelitoa sandukuni na sikuwa na moyo wa kulirudisha. Tulisukumana kwa viwiko kimyakimya, nani asimame mbele. Nikasimama mbele. Chini, Mama alikuwa ananipungia mikono yote miwili.

Jumanne, 16 Agosti

Moto wa kuwaaga wafu. Mama kamtengenezea Baba ng'ombe wa biringani, aende polepole, asiwe na haraka ya kutuacha. Tukachuchumaa wawili mbele ya moshi. Akanishika mkono. Akasema jana nilipiga ngoma kama Baba. Hapana, akasema, kumpita Baba. Baba alikuwa anapiga kama anayefukuza panya.

Masikio yake hayashiki vitu vya mbali, na jana miwani ilikuwa na ukungu. Aliona koti likipanda jukwaani, akadhani Bi Hatanaka kaniachia fimbo. Akasema sasa siku yoyote ng'ombe huyo akija kumchukua, yuko tayari.

Nimejifunza jambo Bon hii, nami naliandika hapa nisilisahau maisha yangu yote: anayemficha mama yake kitu, anajichimbia shimo mwenyewe. Nimefukiza ubani kwa ajili ya funzo hilo.

Kisha nikamjibu Mama kwamba ndiyo, mikono inaniuma kidogo.

Kafurahi mno. Kafurahi hata kamwalika Bi Hatanaka chai kesho, amshukuru kwa kumpa mwanawe ngoma. Nikatumia akili. Nikaenda mbio kwa Bi Hatanaka, nikamwambia kwa masikitiko kwamba Mama siku hizi hasikii kabisa, hata radi, kwa hiyo asijisumbue kuzungumza naye. Anywe chai, ainame, aende zake. Bi Hatanaka akasikitika sana. Akasema maskini, lakini hakuna shida, atamwandikia.

Nimeficha kalamu zote za nyumba hii, isipokuwa hii.