Silikoni Yangu Imeoshwa Kwenye Karai

Leo nimeumbuka. Tena asubuhi, kabla hata ya chai kupoa!

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina miezi saba hapa Kalangalala. Chuoni nilisomea elektroni zinavyozunguka ndani ya silikoni. Kuna mtu huku wa kuongea naye habari hizo? Hakuna. Jumapili naongea na jiko. (Halijibu, ila linasikiliza.)

Juzi rafiki yangu wa chuo akanitumia kipande cha silikoni, chembamba, kinang'aa kama kioo. Leo nilikuwa nakipeleka darasani. Nikapitia kwa Mama Kabula, muuza chai, wanapokaa wachimbaji wa dhahabu. Nikakiweka mezani.

Kijiwe kizima kikageuka kukitazama.

"Mwalimu, jiwe hilo umelitoa wapi?" akauliza Masanja, mchimbaji wa siku nyingi.

Jamani, nimeulizwa swali! Nikavuta stuli. Nikawaeleza kwamba humu unaweza kunasa elektroni mbili, majirani. Kila moja inaelekea juu au chini. Unaipigia moja mawimbi, inageuka, lakini pale tu jirani yake akiwa ameelekea chini. Hilo ndilo lango, yaani hatua moja ya hesabu, katika kompyuta ya kwantamu. (Hata elektroni ina jirani anayeijali. Iliniuma kidogo, nikaendelea.)

Kipande kikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akakitemea mate, akakisugua, akakigeuzageuza juani. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu! Nikawa nachora elektroni mezani kwa chai, nimefurahi kweli.

Nyuma ya kibanda nikasikia ko! ko! ko!

Nikadhani ni tangawizi inatwangwa.

Masanja akatokea huko nyuma na karai, anazungusha maji, chini kuna unga wa kijivu. Kumbe ilikuwa kinu cha chuma, silikoni yangu ndani yake! Huku jiwe geni halielezwi. Linatwangwa, linaoshwa.

"Pole, mwalimu," akasema kwa upole, wote wakisikia. "Halina kitu."

Wakamaliza chai zao, wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki Mama Kabula, amesimama mbele yangu, ananitazama kwa makini. Angalau mmoja! Nikamweleza tena lango lote tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mwalimu," akasema. "Sasa naomba stuli yangu nikae."

Msinicheke. Au chekeni, lakini njooni mchekee hapa Kalangalala. Stuli nitanunua.