Pweza Wangu na Ngisi wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi wa jumba letu la viumbe wa baharini katoa tangazo. Tangi litakalovuta watu wengi Jumamosi litabaki, lingine litafungwa. Langu la pweza, au la ngisi la shemeji. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu. Tangu mazishi hatusemezani ila kwa kuchokozana. Nimemtangazia mashindano ya mbio Jumamosi hiyo, pweza wangu na ngisi wake. Akacheka hadi akashika mbavu. Ati ngisi anasukuma maji kwa bomba lake na kufyatuka kinyumenyume, pweza atabaki kula vumbi. Tutaona! Wangu ana mioyo mitatu.

(Wa kwake pia anayo mitatu. Nimeangalia kitabuni. Shenzi.)

Jumanne, 5 Machi
Pweza hali. Wiki ya tatu sasa. Kajikunja pangoni, hatoki. Ananuna tu. Nimemletea kaa mnono, kamsukuma kando kwa mkono mmoja, kwa adabu kabisa. Kaa kanibana kidole.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa wanyama kachungulia kwa tochi. Mayai! Yananing'inia pangoni kama shanga. Anasema pweza jike akishataga hali tena. Anayapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Nikauliza, kabla ya Jumamosi au baada? Akazima tochi. Akaongeza kwamba pweza akiogelea, moyo mmoja husimama, ndiyo maana huchoka upesi na kupenda kutambaa. Madaktari kwa kutisha watu!

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi. Nimemsukuma kwa mpini wa ufagio. Akatoka! Mita mbili kwa sekunde tatu, jamani! Kisha akatua chini, mweupe, hoi. Akaanza kutambaa kurudi kwenye mayai. Dakika kumi na moja.

Shemeji aliona yote. Hakucheka. Alisema hata dada yake alipoacha kula, nilisema ananuna. Nikamjibu nina kazi. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya ndoo, nikalia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefuta mbio. Hakukuwa na wa kukimbia. Asubuhi tangi limejaa vitoto, vidogo kuliko punje za mchele, vyote vinaogelea. Mama yao kalala chini, hana rangi. Watu wakapanga foleni hadi mlangoni, wananong'ona. Nimeshinda. Sijawahi kushinda kitu na kuumia hivi.

Jumapili, 10 Machi
Tangi la shemeji limefungwa. Alikuja na chai, vikombe viwili. Akasema anamkumbuka sana dada yake, nyumbani hana wa kumwambia, tukae kidogo tuongee.

Nikamwambia asubiri. Kuna kitoto kimoja, yaani kina kasi! Nimekitenga kwenye chupa, nakipima kwa saa. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa keshaondoka. Chai yangu imepoa.

Sekunde mbili na nusu, chupa nzima!