Ombi la Kuachwa Nishindwe Kuegesha Trela kwa Amani

Pruitt, Montana
Tarehe 18 Juni

Kwa Ndugu Wendell Ostby,
Mhariri wa Jarida la Chama cha Wasafiri wa Kambi, Montana ya Mashariki

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiuno chako kimepona tangu ulipoteleza kwenye ngazi ya trela lako mbele ya wanachama. Mimi sijambo, ila nina kinyongo, na kinyongo chenyewe kimeanzia ukurasa wa sita wa jarida lako la Aprili.

Kama umenisahau, mimi ni LaVonne Skogstad, mwanachama kwa miaka thelathini sasa, niliyekuwa mpishi wa shule hapa Pruitt. Mume wangu Arlo alifariki mwaka juzi, wakati wa baridi. Trela letu kubwa nililiuza mwezi uliofuata, kwa kuwa nilidhani safari zimekwisha. Mwaka huu theluji ilipoyeyuka nikagundua hazijaisha. Miguu ilianza kuwasha.

Sasa shemeji yangu Norris ana vitu viwili uani kwake. Kimoja ni trela dogo la kuvutwa nyuma ya gari, lenye kitanda kimoja na jiko la gesi. Kingine ni kibanda, yaani kile chumba kinachopandishwa mgongoni mwa pikapu na kufungwa hapo hapo, ukaenda nacho kama konokono. Norris aliniambia, "Shemeji, vyote viwili vinanizibia njia ya trekta. Jaribu hiki, jaribu na hiki, uchague. Utakachokiacha nakitoa, kuna mtu wa Glendive anakitaka."

Binti yangu Corinne, anayeishi Billings, naye alikuwa na lake. "Mama, ukishindwa vyote, chumba chetu cha chini kipo. Kina hata dirisha." Nimekiona hicho chumba. Dirisha lake limekaa usawa wa ardhi, linatazama tairi za gari la mkwe wangu. Kwa hiyo elewa uzito wa jambo hili: nikichagua vibaya, nitamaliza umri wangu nikitazama tairi za mtu mwingine.

Katika hali hiyo nikafungua jarida lako kutafuta mwongozo. Uliandika hivi, nanukuu: "Msafiri wa peke yake achukue trela. Ataliegesha, ataliacha kambini, na ataenda dukani na gari lake bila bughudha. Ni faragha tupu." Nikakuamini. Wiki ya mwisho ya Mei nililivuta trela la Norris hadi kambi ya Ziwa Larkin, nikitafuta faragha tupu. Yaliyonikuta nayaorodhesha hapa chini.

1. Nilifika saa kumi alasiri, watu wakiwa kwenye kahawa. Taa zangu za rivasi zilipowaka tu, viti vikageuka. Desturi yetu unaijua: trela likirudi nyuma, kambi nzima hutoa viti vya kukunja na kutazama, na hakuna anayefungua mdomo mpaka wahusika wawe wameegesha au wameachana. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye viti hivyo miaka thelathini nikitafuna mbegu za alizeti. Sikuwa najua vinavyoonekana ukiwa upande wa usukani. Naomba chama kiwaeleze wanachama kwamba vinaonekana vingi.

2. Kumbe ule ukimya ni haki ya wenye ndoa peke yao. Mtu akija hana mwenzake, kila mwanamume kambini anajiona amekabidhiwa. Walisimama watatu.

"Kata kushoto, dada," akasema wa kwanza.

"Kushoto kwake au kushoto kwa trela?" akauliza Gene, mzee mwenye kofia ya kiwanda cha sukari.

"Trela halina mikono, Gene, litakuwaje na kushoto?"

"Dada, usiwasikilize hawa," akasema wa tatu. "Shika usukani kwa chini. Mkono unakokwenda, trela linafuata."

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mimi niliwatii wote watatu, kwa kuwa nimelelewa vizuri, na trela likaanza kuelekea ziwani.

3. Hili naliandika kwa aibu, na naomba usilichapishe. Kama ni lazima ulichapishe, tumia herufi ndogo.

Miaka yote hiyo dereva alikuwa Arlo. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kumwita kwa mikono. Sasa kwenye jaribio la nne, trela likiwa limekaa mshazari, nilijiambia kwamba hapa anahitajika mtu nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikaenda nikasimama pale ninaposimama siku zote, nikanyanyua mikono nikaanza kuita. Njoo. Njoo. Kidogo kushoto. Njoo. Sijui niliita kwa muda gani. Pikapu ilikuwa inanguruma, na kwenye usukani hapakuwa na mtu. Nilipokumbuka, mikono ilikuwa bado iko juu.

Hakuna aliyecheka. Na hilo, Ndugu Mhariri, ndilo lalamiko langu la tatu. Watu wastaarabu wangecheka, nami ningewakasirikia, nikafunga trela nikarudi nyumbani na heshima yangu. Wao walikaa kimya wakinitazama, na wengine wakavua kofia.

4. Ndipo akainuka Delmar Fjeld, fundi bomba mstaafu wa Sidney. Aliweka kikombe chake chini, akaja taratibu kama mtu anayekwenda kuokota gazeti. Akaniambia, "Dada, wewe kaa hapo hapo nyuma, unapaweza. Acha mimi nikae kwenye usukani." Akapanda kabla sijajibu.

Basi nikamwita, naye akaja. Nikamwambia kushoto kwa mkono, akaenda kushoto. Trela liliingia mara moja, katikati kabisa, halikugusa hata nyasi. Akashuka akasema tu, "Una mikono mizuri ya kuita," akarudi kwenye kahawa yake.

Namshtaki bwana huyu kwa kunipora haki yangu ya kushindwa. Nilikuwa nimeendesha maili mia moja na arobaini ili nijue kama naweza kuishi bila mtu. Nilikuwa karibu sana kupata jibu.

5. Niliingia ndani nikalia. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hata huko sikuachwa. Mke wa Delmar, anaitwa Ardith, alibisha hodi akiwa na mkate wa ndizi. "Sikuletei kwa sababu unalia," akasema. "Nimeoka miwili kwa bahati mbaya." Nimepikia watoto mia mbili kila siku kwa miaka thelathini na moja, Ndugu Mhariri. Hakuna anayeoka mikate miwili ya ndizi kwa bahati mbaya. Huo ni uongo mtupu, na alinitazama usoni wakati anausema.

6. Lilikuwa lamhusu Gene. Nimelifuta, kwa sababu alikuja siku ya pili kunikazia bomba lililokuwa linavuja.

7. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimeshapokea mikate mitatu, nimecheza karata jioni nne, nimekaririshwa majina ya mbwa kumi na mmoja, na nimeambiwa habari za goti la kila mtu. Kitabu nilichokibeba nilikifikisha ukurasa wa tatu. Faragha tupu uliyoiahidi sikuiona hata kupitia dirisha.

Sasa acha nikueleze habari za kibanda, ili uone tofauti.

Wiki ya pili ya Juni Norris alikipandisha kibanda mgongoni mwa pikapu yangu, nikaenda kambi nyingine, ya Bonde la Mierezi. Huko niliingia kama gari lolote linaloingia. Nilizima injini, basi, nimeshaegesha. Hakuna kiti kilichogeuka, maana hakukuwa na cha kutazama. Hakuna aliyenielekeza kushoto kwake wala kwangu. Kitanda cha kibanda kipo juu ya paa la dereva, unapanda kwa magoti, na siku ya kwanza niligonga paji la uso mara mbili. Hakuna aliyejua. Nilikaa siku tano na hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Siku ya nne nilisoma kwa sauti maelekezo ya pakiti ya supu, nione kama sauti ingalipo. Ilikuwapo, ila imekauka kidogo.

Siku ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote. Nilihitaji maziwa. Na kwa kuwa kibanda hakiachani na gari, nilifunga vyombo, nikafunga makabati, nikaenda dukani na nyumba yangu nzima. Nafasi yangu niliilinda kwa kuacha kiti na ndoo, kama tunavyofanya wote. Kurudi, nikakuta mume na mke vijana wameshatandika meza yao pale, wanachoma soseji.

"Samahani sana, mama," akasema yule mume. "Tulidhani hapa hapana mtu."

"Niliacha kiti," nikasema.

"Tulikiona. Tulidhani kuna mtu alikisahau."

Asiyekuwepo na lake halipo. Walihama kwa adabu nyingi, hawakuchukua hata dakika tano, na nakiri nilitamani wawe wazembe zaidi katika kukunja meza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya wiki nzima. Nadhani unaona mwenyewe kwamba usafiri wa peke yake hauwezi kupita hapo. Unafika mahali ambapo hata ukiwepo watu wanadhani hupo, na kibanda kinakufikisha huko bila taabu yoyote.

Kwa sababu hizo naomba chama, katika mkutano wa Agosti, kipitishe maazimio yafuatayo. Kwanza, matrela yapigwe marufuku kwa mtu yeyote anayesafiri peke yake, na kibanda kitangazwe kuwa ndicho chombo halali cha mpweke. Pili, anayetaka kumsaidia mwanamke kuegesha aombe kwa maandishi siku kumi na nne kabla, akiambatisha barua ya mkewe. Tatu, mikate ya ndizi ikaguliwe langoni, na atakayepatikana na zaidi ya mmoja aeleze wa pili ni wa nani. Nne, kila kambi itenge eneo la kushindwia, lenye uzio mrefu, ambamo mtu ataweza kuharibu trela lake, na kumwita kwa mikono amtakaye, bila kuonewa huruma. Tano, wewe mwenyewe uombe radhi ukurasa wa sita.

Najua utasema nimezidisha. Kama unaona hivyo, jaribu wewe kusimama nyuma ya gari lisilo na mtu, mikono juu, halafu watu arobaini wawe wema kwako kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Sina la ziada. Nisalimie mkeo Joyce na umwambie ile sahani yake ya kuokea bado ninayo. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, mweka hazina na miguu yake inayomuuma, yule bibi anayechapa jarida, na wote watakaouliza habari zangu, na hata wasiouliza, kwa kuwa hao ndio walioheshimu faragha yangu.

Wako katika magurudumu na malalamiko,

LaVonne Skogstad
Mwanachama namba 212

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku tatu kwa kukosa stempu, na katika siku hizo Norris alipita kuchukua jibu. Nimechukua trela. Kibanda kimekwenda Glendive, na Corinne nimemwambia chumba chake akipangishe. Mkutano wa Agosti usijisumbue na maazimio yangu. Shule imefungwa, kwa hiyo kila alasiri nimekuwa nikifanya mazoezi kwenye maegesho ya walimu, nimepanga masufuria ya jikoni badala ya nguzo. Juzi niliingia mara moja, mimi na usukani tu, na sufuria hata moja sikuligusa. Jana pia. Leo pia. Nimeweka nafasi namba tisa pale Ziwa Larkin, ile iliyopinda, Ijumaa ya kwanza ya Julai, na nitafika saa kumi. Tafadhali usimwambie Delmar wala mtu mwingine yeyote kwamba siku hizi naweza. Mara mbili za kwanza nitakosea, ili watu wapate nafasi ya kutoa viti.