Ombi la Kuandikishwa Kuwa Rejeta

Kijiji Namba Nne,
Karibu na Kiritiri, Embu.
17 Septemba 1955

Kwa Bwana Fundi Mkuu wa Magari,

Bwana,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi naitwa Njagi, mkazi wa kijiji hiki tulichohamishiwa na serikali ili tusiwalishe walio msituni, chenye handaki, miti iliyochongwa ncha na lango moja. Wakati wa vita niliendesha lori la jeshi huko Burma, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuosha ile nyumba ya magurudumu. Unaifahamu: ni lori la dizeli lenye kitanda, jiko na dirisha la pazia, ambamo Bwana Afisa huishi akizunguka kutufundisha faida za utulivu. Limeegeshwa langoni petu, hii ni wiki ya sita.

Wakubwa wa hapa nimewaandikia mara tatu, kimya. Nakuandikia wewe kwa sababu ndani ya gari hilo nilikuta kitabu chako cha kutunza maji ya injini, nikakisoma chote huku nikijifanya nafuta vumbi. Bwana, machozi yalinitoka. Sijapata kuona maandishi ya serikali yenye huruma kama hayo.

Shida yangu ni maji. Mke wangu Wamuyu amejifungua, na mtoto ana siku tisa. Lango hufunguliwa saa nne na kufungwa saa sita, na mto uko mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwa hiyo kila mwanamke hupata debe moja tu. Wamuyu naye huenda, mtoto mgongoni. Akirudi, askari wa lango hulichukua debe letu kwa ajili ya gari, eti kwa kuwa mimi ndiye mwoshaji. Basi naleta malalamiko yangu kwa namba, kama kitabu chako kilivyopangwa.

1. Kitabu kinasema maji ya mto yasitiwe kwenye rejeta, yaani tangi la kupozea injini, kabla ya kuchemshwa, kwani yana chumvi itakayodhuru mabomba. Kwa hiyo maji yetu huchemshwa, huachwa yatuame, kisha huchujwa kwa kitambaa cheupe. Mabomba ya mtoto wangu nayo ni membamba. Yeye huletewa yale ya chini ya debe, yenye matope.

2. Rejeta hupimwa kila asubuhi. Bwana Afisa ana kipimo cha kioo chenye mpira wa kunyonyea. Hunyonya maji kidogo, akatazama kinachoelea ndani, ili ajue kama dawa aliyotia inatosha kuyazuia maji yasigande kwa baridi. Bwana, hapa ni Kiritiri. Hapa mbuzi huanza kutafuta kivuli saa tatu asubuhi. Barafu tunasikia huonekana Timau, huko Meru, na gari hili halijawahi kufika Timau. Hata hivyo kipimo kikionyesha kasoro kidogo, maji yote humwagwa na debe jipya hutakiwa. Wiki hii limetakiwa mara tano. Sisi tangu tuhamishiwe hapa hatujapimwa chochote, isipokuwa urefu wa handaki ambalo kila mmoja atachimba.

3. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa moto. Umeandika kwa herufi nyekundu: ngoja ipoe, weka kitambaa, zungusha taratibu, la sivyo itakurushia mvuke usoni. Jumatatu jirani yangu Njue aliitwa kuulizwa maswali saa sita mchana, akiwa amechimba tangu alfajiri, yaani alikuwa moto kabisa. Hakuna aliyengoja apoe, na kitambaa sikukiona. Alipofoka, waliandika kwamba ana tabia mbaya. Rejeta ikifoka, lawama ni ya fundi.

4. Kitabu kinaonya kwamba maji yenye dawa ni matamu lakini ni sumu, yasimwagwe mahali wanyama wanapopita. Yalimwagwa njiani, mbuzi wa mzee Mbaka akayanywa, akafa. Mbaka alipokwenda kulalamika, alishtakiwa kwa kumnywesha mbuzi mali ya serikali. Amepewa siku saba za handaki, na miaka yake ni sabini.

5. Rejeta huenda Runyenjes na Meru bila pasi ya kusafiria. Mama yangu anaumwa Runyenjes, nami pasi nimenyimwa.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu mimi na mke wangu tuandikishwe kuwa rejeta, na mtoto aandikwe kama spea. Kutu hatuna. Tunavuja, lakini kidogo tu. Tena ukipenda, kiandikishe kijiji kizima, na serikali itapumzika kulinda lango, maana hakuna rejeta iliyowahi kutorokea msituni.

Kama nafasi ni chache, mwandikishe mtoto peke yake. Sitanii hapa, Bwana. Ana vipele shingoni kwa kukosa kuogeshwa, na maziwa ya mama yake yanapungua kwa sababu hana cha kunywa. Ninaogopa sana.

Nisalimie mama watoto wako, mafundi wote wa karakana, na rejeta zote zilizo mikononi mwako. Wamuyu anakusalimu. Njue pia anakusalimu, kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia bado umefungwa bendeji tangu Jumatatu.

Ni mimi, niliye tayari kutiwa maji,
Njagi wa Gitari

Baada ya sahihi: Bwana, sijafunga bahasha na mambo yamegeuka. Asubuhi hii rejeta imepasuka hapa hapa langoni. Bwana Afisa aliitazama mara moja, akasema haifai tena, akaamuru itupwe handakini, na saa hiyo hiyo akaagiza nyingine. Hakuna aliyeuliza ilipasuka kwa nini. Kwa hiyo ombi langu lote nalifuta, maana naona tulikwisha andikishwa zamani bila kuambiwa. Nakuomba kitu kimoja tu: hiyo mpya usiitume upesi. Leo debe la Wamuyu limepita langoni likiwa limejaa, na mtoto ameogeshwa.